Historia Niliyomsomea Mwalimu

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimezaliwa porini, nimevuka mpaka kwa miguu na sufuria kichwani, nimeuza makaa kwa beseni pale Kashojwa mpaka nikanunua lori. Leo nina duka Base Camp, humu humu kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na ghala la mahindi Biharwe, kando ya barabara ya Masaka, na wenye mji wao wananiamkia wa kwanza. Shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Wenye diploma wanakuja kuniomba kazi ya kupima magunia. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba faili la mama mmoja limezuiliwa ofisini kwa sababu ya mdomo wangu, nilicheka. Nilidhani ni fitina ya soko.

Lakini nianze na habari ya chama, maana bila chama hakuna cha kueleza hapa.

Kule kwetu Kivu ya Kusini, kwenye milima iliyo juu ya ziwa, vita ya kwanza ya baada ya uhuru ilikwisha kwa wapiganaji wetu kushindwa. Waliobaki hai hawakurudi mijini. Walipanda juu zaidi, wakakaa huko miaka mingi, wakaanzisha chama na serikali yao. Waliitana kamaradi. Walisema ardhi ni ya wote, mihogo ni ya wote, tajiri ni adui. Wakubwa waliokuwa wakiwasaidia kutoka mbali walichoka, wakawasahau, na wao wakaendelea kuimba mapinduzi kama watu ambao saa yao imesimama. Mimi nilizaliwa ndani ya utawala huo na nikatoka humo mtoto. Ninachokumbuka kwa macho yangu ni kidogo sana: bendera nyekundu iliyofifia mpaka ikawa rangi ya tofali, nyimbo za asubuhi, na njaa.

Dukani kwangu, hata hivyo, nilikuwa nasimulia mengi kuliko hayo. Mbele ya duka kuna benchi, na watu wanaokuja kuchaji simu hukaa pale. Kwenye benchi hilo mimi ndiye nilikuwa chama. Nilieleza mikutano kana kwamba mimi ndiye niliyeshika taa mle. Katika chama changu hapakuwa na njaa, hapakuwa na mtu aliyeonewa, kila mzee alikula na kila mtoto alisoma, na adui alikuwa anakimbia akisikia filimbi tu. Na juu ya wote alikuwepo baba yangu, komiseri wa siasa, mtu ambaye akisimama kusema hata kuku wananyamaza. Vijana waliozaliwa hapa Nakivale, ambao tangu wazaliwe wamewaona wazazi wao kwenye foleni ya posho, walizipenda sana hizo hadithi. Walitaka babu ambaye hakupanga foleni. Na mimi, nisidanganye tena, nilitaka baba.

Palikuwa na mtu mmoja tu kwenye benchi lile aliyekaa ndani ya chama tangu mwanzo wake hadi mwisho. Alikuwa mzee mwembamba, koti lake moja kiangazi na masika, mkulima wa maharage kule Kashojwa na mzee wa kanisa. Watu wote walimwita Mwalimu. Alikuwa akija kununua sukari robo, anakaa, ananisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Wenzake wakishaondoka ndipo anasema.

"Mutajiri," aliniambia siku moja, "ile chama yako ni nzuri. Ningependa nami kuishi mule."

Nilicheka, lakini neno lilinikaa kama mwiba wa samaki. Nikamwambia basi, anipe chake. Akanipa, taratibu, akiwa ameshika kile kifuko cha sukari magotini. Alisema katika miaka ile yote hakushika bunduki. Chama kilimpa kazi ya kufundisha watu kusoma. Karatasi hazikuwepo, daftari hazikuwepo, kwa hiyo aliandika kwa makaa juu ya nyungo za akina mama. Saa ya jioni mama anautaka ungo wake apepete unga, anaupangusa, somo lote linaondoka na makapi. Kesho yake wanaanza tena kwenye a. Alimwona kamanda mmoja, mtu wa ndevu, anaogopwa mlima mzima, amekaa chini kati ya watoto akijifunza kuandika jina la mama yake. Alipoliandika likasomeka, alilia. Na kamanda huyo huyo, wakati wa mavuno, alimchapa bibi kizee mbele ya watu kwa sababu alificha kikapu cha mihogo isiende kwenye ghala la wote.

"Ni mutu moja," Mwalimu akasema. "Na miye nilikula mihogo ya ule mama, shule yangu ilikula. Ukieleza ile chama, sema yote mbili. Ukisema moja tu, umedanganya, hata kama kila neno ni la kweli."

Nilimwuliza, ili nimshinde, kama anamkumbuka baba yangu komiseri. Aliangalia kama kuna mtu karibu. Hapakuwa na mtu.

"Baba yako nilimujua. Alikuwa anapita mu vijiji kukusanya kuku za wakubwa. Hakupiga mutu hata moja. Mule kwetu hiyo haikuwa sifa ndogo."

Nikamwambia anamchanganya na mtu mwingine. Akasema inawezekana, uzee huu, akainuka na sukari yake. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake hakuligusa tena jambo lile, si faraghani wala mbele za watu. Na mimi, kesho yake asubuhi, nilikuwa pale pale mbele ya benchi na komiseri wangu.

Mwalimu alikufa mwanzoni mwa kiangazi. Kwetu maiti hazikwi bila historia. Mtu mmoja husimama kabla ya jeneza kutoka, akaeleza marehemu alizaliwa wapi, alioa nani, alifanya nini, aliacha nani. Na historia ya marehemu haikatizwi. Hata ukisikia amepewa mke asiye wake, unanyamaza, unasubiri siku ya kufunga kilio, ndipo mwenye neno anasimama kulirekebisha. Ndiyo heshima ya maiti.

Turubai nililileta mimi. Mchele mimi, mbao za jeneza mimi, bafle za kupaazia sauti na mikro mimi, lori la kwenda makaburini langu. Nani mwingine angesoma historia, maana kwetu huitwa kusoma hata bila karatasi? Binti yake, ambaye anauza nyanya na sombe, majani ya mihogo, kwenye soko la Base Camp, alinifuata pembeni kabla sijasimama. Ananiita yaya, kama ndugu mkubwa.

"Yaya, papa aliacha neno. Museme alikuwa mulimaji na mwalimu wa kusoma. Basi."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi mambo haya nayajua.

Nilianza vizuri. Nilisema alizaliwa mlima fulani, nikasema alilima, nikasema alifundisha. Yalikuwa yamebaki maneno machache nikabidhi mikro kwa mchungaji. Lakini nilipotazama mbele niliona watu wamejaa mpaka barabarani, Wakongomani, Warundi, hata wenyeji Wanyankore waliokuja kununua mahindi wamesimama na baiskeli zao, na vijana wa benchi langu wameinua simu wananirekodi. Nikaona aibu ya kusema "mwalimu wa kusoma" kwenye bafle kubwa namna ile. Nikampa cheo. Cheo kikataka bunduki, nikampa bunduki. Bunduki ikataka askari, nikampa kikosi kizima. Nikampiganisha vita kwenye mto ambao sijui kama upo, nikamtoa humo na risasi kwenye paja. Mwalimu alikuwa anachechemea kweli, lakini alianguka kutoka juu ya paa akipigilia bati hapo hapo Kashojwa, na nusu ya watu waliokuwa pale ndio waliombeba hadi kliniki. Walipiga makofi hata hivyo. Nikamaliza kwa kusema alikuwa mkono wa kulia wa baba yangu.

Binti yake alijifunika kitenge kichwani. Nilidhani ni uchungu.

Sasa jambo ambalo mtu wa nje hawezi kulijua. Huyu binti, ndiye yule mama wa faili, mumewe alitangulia kwenda ng'ambo, kwa sababu walioana wakiwa tayari kila mmoja ana faili lake la kuhamishwa, na la mumewe likawahi. Yeye alibaki na watoto akingoja aunganishwe naye. Alishapita mahojiano yote, bado tu kuitwa hospitali kupimwa. Katika faili lake, kwenye sehemu ya baba, waliandika alichosema tangu mwanzo: mkulima, mwalimu. Kambini hapa kila mtu anajua kwamba neno "kamanda" likiingia kwenye faili, faili linakaa. Hata kama kamanda ni babu, hata kama amekufa. Wanataka kujua aliamuru nini, aliua nani. Mimi pia nilijua. Nimewahi kuwaonya watu wangapi! Lakini nikiwa na mikro mkononi sikukumbuka faili la mtu, nilijikumbuka mimi.

Video ilizunguka kwenye makundi ya simu kutoka Nakivale mpaka ng'ambo, ikarudi. Ikafika ofisini, sijui kwa mkono wa nani. Wakamwita. Hawakumfokea, walimwonyesha simu wakamwuliza huyu anayezikwa ni baba yako, na huyu anayesema ni nani. Faili likawekwa pembeni hadi ijulikane kama marehemu alikuwa mpiganaji.

Alikuja dukani mchana, benchi limejaa. Niliposikia kwake mwenyewe, baada ya kile kicheko changu, nilifanya kama ninavyofanya siku zote: niliongea kwa sauti. Nikasema jambo hili linaisha leo, mimi nawajua watu, nikafungua droo nikaanza kuhesabu noti mbele yake ili benchi lione. Yeye hakuzitazama.

"Yaya, sikuje kuomba feza. Nilikuja munirudishie papa. Yule wa nyungo."

Kijana mmoja alichomoa simu yake kwenye chaji ingawa haijajaa, akaondoka, wengine wakamfuata.

Siku ya pili nilienda mjini Mbarara kwa wakili mmoja, ofisi yake juu ya duka la vitambaa. Nilichotaka ni karatasi yenye muhuri inayosema kwamba kwetu, kwenye msiba, tunasifu, na sifa si ushahidi. Nilidhani nitalipa nipande gari nirudi na heshima yangu. Wakili alikuwa kijana wa Kinyankore, tai imekaza shingo, Kiswahili chake cha askari wa barabarani. Alinisikiliza akichezea kalamu, akaniita ssebo, yaani bwana.

"Ssebo, ulisema huyu mzee alikuwa komanda, ama hukusema?"

"Nilisema."

"Alikuwa?"

"Hapana."

"Ulijua hapana?"

Niligeukia dirisha. Barabarani chini mtu alikuwa anauza redio, zote zimefunguliwa pamoja.

"Basi andika hivyo," akasema. "Nilidanganya, na nilijua. Karatasi ingine haitasaidia huyo mama."

Nikamwomba aandike nilikosea. Akasema hapana, mtu anayekosea hajui. Nikamwomba aandike nilizidisha. Akaniuliza bunduki niliizidisha kutoka kwenye bunduki ngapi. Akaiandika kwa Kiingereza, akanisomea kwa Kiswahili sentensi moja moja, na mimi nikatikisa kichwa kila mwisho wa sentensi. Hapo ndipo nilipoona haya ya kweli, kwa jambo ambalo hakuna aliyelijua mle ofisini. Mtu mzima, mwenye lori, niliitazama karatasi inayoniita mwongo na sikuweza kuisoma, na hata ingekuwa kwa Kiswahili nisingeweza. Ningeweza kujua neno lipi ndilo "mwongo"? Mwalimu angenifundisha bure. Alikaa kwenye benchi langu miaka yote ile na sikumwomba hata herufi, kwa sababu mtoto wa komiseri hawezi kuonekana anajifunza a. Niliapa, nikaweka sahihi yangu, ile ambayo nimeizoea kama mchoro.

Karatasi haikutosha. Ofisi ya Base Camp iliniita nieleze kwa mdomo. Binti wa Mwalimu alikaa kiti cha pembeni. Afisa alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini, na mkalimani alikuwa kijana wa Kashojwa, mmoja wa wale wa benchi, ambaye kwa miaka amekuwa akiniita "komiseri mdogo" kwa heshima. Nilipomwona nikatamani nirudi Mbarara kwa miguu.

Nilieleza kuhusu nyungo. Nilieleza makaa, kamanda aliyelia, bibi wa mihogo. Nilisema yote mbili, kama nilivyoambiwa, na nilipokuwa nasema niliona kwamba ni mara yangu ya kwanza kukieleza chama bila mtu kupiga makofi, na pia mara ya kwanza kukieleza nikiwa nakiona. Niliiona ile bendera. Niliona mama yangu akiwa amesimama mlangoni na kuku kwapani, kuku wetu wa mwisho, akimpa mtu. Sijui kama mtu huyo alikuwa baba yangu akichukua hata cha nyumbani kwake, au mwenzake. Hilo sikumweleza afisa.

Kisha akauliza, na kijana akatafsiri: "Anauliza, hii historia ya vita uliyoisema pale kilioni, uliipata kwa nani?"

Nikasema hakuna aliyenipa, nilijitungia. Nilizoea kutunga.

"Anauliza, kwenye video unasema marehemu alikuwa mukono wa kuume wa baba yako. Baba yako alikuwa nani mu chama?"

Mtu anaweza kufikiri kwamba swali hilo lingenipita, maana haya yote nilishayamaliza kwa wakili. Kwa wakili hawakumtaja baba. Nilitazama mikono yangu. Ilinijia kusema alikufa nikiwa mdogo, simjui vizuri. Ingekubalika, hakuna ambaye angenibishia. Ila nilijua kwamba nikimwacha komiseri mle ndani ya chumba, kamanda naye atabaki, kwa sababu mmoja amesimama juu ya bega la mwenzake.

"Alikuwa anakusanya kuku," nikasema. "Kwenye vijiji. Kuku za wakubwa. Hakuwa na cheo."

Kijana alinitazama, halafu akatazama meza, kisha akatafsiri kwa sauti ndogo sana hadi afisa akamwomba arudie. Akarudia. Binti wa Mwalimu hakugeuka. Afisa aliandika, akashukuru, akasema watampigia mama simu.

Tukiwa nje, kwenye ule mchanga mbele ya geti, nilitaka kumwambia huyu mama pole. Nikajikuta namwambia lori langu linapita Kashojwa, apande. Akasema atatembea. Baada ya hatua chache akageuka.

"Papa alijua mambo ya kuku," akasema. "Alitukataza kuyasema. Alisema siku moja mutayasema wenyewe."

Ningependa kusema kwamba neno lile liliniponya. Liliniumiza kuliko karatasi ya Mbarara. Kumbe nyumba nzima ile ilikuwa inajua, na watoto wake walikuwa wanakuja dukani kununua chumvi, wananiamkia, wanajua.

Wazee wa kilio nao walikuwa na lao. Historia ya uongo juu ya maiti ni deni kwa ukoo. Walinitoza mbuzi na soda za watu wote, na niliamriwa siku ya kufunga kilio nilete tena turubai na bafle, nisome upya, mahali pale pale. Nilisoma. Watu walikuwa wengi kuliko mazishini, maana habari ya mkusanya kuku ilishatangulia. Nilisema alikuwa mlimaji na mwalimu wa kusoma, aliandika kwa makaa juu ya nyungo, na alikula mihogo ya watu waliochapwa, na alilijua hilo, na lilimsumbua. Mama mmoja kizee, aliyekuwa amekaa mbele kabisa, alisema kwa sauti ya kila siku, "Ndiyo. Ni yeye." Simu zilizoinuliwa zilikuwa tatu au nne tu.

Sokoni wakanipa jina. Napita na mzani wangu, mtu anaita kutoka nyuma ya nyanya, "Komiseri, kuku leo bei gani?" na wenzake wanaangua kicheko. Mke wangu aliniambia nicheke nao, litaisha. Ninacheka. Halijaisha. Vijana wamerudi kwenye benchi kwa ajili ya umeme, lakini wanaongea mpira. Siku moja mmoja wao aliniomba nimweleze chama, nadhani kwa huruma. Nilimwambia ninachokijua kinaisha kabla simu yake haijafika nusu.

Faili la yule mama lilifunguliwa masika yalipoanza. Aliondoka na watoto wake kwa basi la alfajiri, na hakupita dukani kuniaga, wala sikutegemea. Nilisimama ndani ya duka, mlango nimeufunga nusu, nikaliona basi likipita. Wakili na muhuri wake, safari za Mbarara, mbuzi, soda, mchele wa mara ya pili, bafle ya mara ya pili: hesabu ndiyo shule niliyojipa mwenyewe, kwa hiyo nilizijumlisha hizo gharama za uongo wangu peke yangu, mara mbili, na zote mbili zilikuja sawa. Shilingi milioni moja, laki mbili, elfu themanini na sita na mia tano.